Guangzhou nilikunywa maji siku nzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme jambo ambalo sisi wanawake wa biashara tunanong'onezana tu nyuma ya marobota. Wiki mbili zilizopita msichana anayenisaidia dukani alishikwa na homa na maumivu ya kiuno hadi akashindwa kusimama. Nikampeleka hospitali. Daktari akakuta maambukizi ya njia ya mkojo, mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja. Akampa dawa, akamsisitizia anywe maji mengi kila siku, asibane mkojo. Tulipotoka nje binti akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, nikiyanywa hayo maji, nitakwenda kuyamwagia wapi?"

Sikuwa na jibu. Duka letu liko katikati ya Kampala, kwenye mojawapo ya yale majengo ya maduka tunayoyaita akedi. Vyoo vya wanawake vilikuwa viwili. Cha ghorofa ya pili kiligeuzwa stoo, leo kimejaa viatu. Kilichobaki kina kufuli, na ufunguo anao kijana anayetoza shilingi 500 kila unapoingia. "Nnyabo (yaani mama), lipa kwanza," ndiyo salamu yake. Maji yakikatika mchana anafunga na kuondoka. Msichana wangu akienda mara nne kwa siku ni shilingi 2,000, na hiyo ndiyo nauli yake ya jioni. Kwa hiyo hanywi. Mimi mwenyewe, miaka 22 niliyouza vitambaa mjini, nimekuwa nikinywa kikombe kimoja cha chai alfajiri nyumbani Bombo, nje ya Kampala, na baada ya hapo siweki kitu cha majimaji mdomoni hadi nirudi magharibi. Nilidhani ndivyo biashara ilivyo.

Siku niliyojua kwamba sivyo naikumbuka kwa tarehe. Ilikuwa Ijumaa, 8 Machi 2024, siku yangu ya kwanza katika mji wa Guangzhou, kusini mwa China. Niruhusu niisimulie siku ile, kwa sababu ninachotaka kukisema kimo ndani yake.

Mimi ni Mnubi. Babu yangu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni, na Kiswahili tumezaliwa nacho, hatukukisomea. Kwa miaka mingi nilinunua mali kwa wafanyabiashara wakubwa wa Kampala wanaokwenda China wenyewe, nami nikiuza rejareja lesi, bitana, satini na vitambaa vya gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Uganda. Mwaka ule niliamua kwenda mwenyewe kabla ya Ramadhani, nisafirishe mzigo mdogo kwa ndege uwahi Idi, maana kontena la meli kupitia Mombasa lingenifikia sikukuu imeshapita. Wenzangu waliowahi kwenda walinipa wosia mmoja: usipoteze siku hata moja, ukiamka ingia sokoni. Lakini nilikuwa sijawahi kuvuka mipaka ya Afrika Mashariki, na niliona si vizuri kuingia katika nyumba ya mtu na kwenda moja kwa moja jikoni. Nikajiwekea siku moja ya kutembea tu.

Nilifika jana yake kwa ndege ya kupitia Addis Ababa. Uwanja wao unaitwa Baiyun, yaani mawingu meupe. Hoteli yangu ilikuwa mtaa wa Xiaobei, jina lenye maana ya Kaskazini Ndogo, ambako Waafrika wengi wa biashara hufikia. China iko mbele yetu kwa saa tano, kwa hiyo usingizi ulinikataa. Walipoanza kufagia barabara saa moja asubuhi, Bombo ilikuwa saa nane za usiku na watoto wangu wamelala.

Chumbani nilikuta birika la umeme. Watu wa kule hunywa maji ya moto matupu, bila majani wala sukari, asubuhi hadi usiku, na mahali pengi pa kupumzikia utakuta bomba la maji yaliyochemka. Nikajaza chupa yangu, nikatia kwenye mkoba pamoja na tende na mkate. Niliijaza kwa mazoea ya mama anayesafiri. Kuyanywa sikukusudia.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza nje ni ukimya. Barabara ni pana, daraja la magari limepita juu ya vichwa vya watu, na bado unasikia nyayo zako. Nilikuwa natafuta mlio wa bodaboda bila kujua kwamba nautafuta. Tangu Januari 2007 pikipiki za petroli zimepigwa marufuku katikati ya mji ule. Zilizopo ni za umeme, zinakuja nyuma yako kama paka. Mara mbili nilivutwa mkono na mpita njia nikapishwa na moja iliyobeba vyakula. Kando ya barabara kuna njia ya waendao kwa miguu, pana kiasi cha wanawake wanne kutembea sambamba na mizigo yao, na katikati yake umewekwa mstari wa vigae vyenye matuta kwa ajili ya kipofu na fimbo yake. Miti ya jamii ya mkuyu imefunika njia kwa kivuli, mizizi yake inaning'inia hewani. Nilitembea nusu saa bila kushuka barabarani hata mara moja. Kampala sijui kama nimewahi kutembea dakika tano hivyo.

Kisha nikashuka kwenye treni ya chini ya ardhi. Treni hizo Guangzhou ilizianza mwaka 1997, na leo njia zake zimeenea chini ya mji wote, kila njia na rangi yake. Nauli inaanzia yuan 2, kama shilingi 1,080 kwa bei ya wakati ule. Ukilipa, mashine inakutemea tokeni ya plastiki, ya mviringo, kijani. Mimi muuza nguo niliona kifungo cha koti. Unaigusisha mlangoni unapoingia, na mwisho wa safari unaitumbukiza kwenye tundu ndipo mlango ufunguke. Nilibana kile kifungo kiganjani njia nzima nisije nikakipoteza.

Lakini kabla ya kupanda, mizigo yote hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi. Mlinzi, msichana wa umri wa binti yangu, alitoa chupa yangu ya maji akaitazama. Akanionyesha kwa ishara ninywe, ajue kwamba ni maji. Nikanywa funda moja. Akatabasamu, akaashiria niendelee na safari.

Mhariri, wanaume hawatanielewa hapa, ila wanawake wataelewa. Lile funda lilinitia hofu kuliko ndege. Nilikuwa katika mji wa watu zaidi ya milioni 18, wakati Uganda nzima kwa sensa ya 2024 tulihesabiwa kama milioni 45.9. Sijui neno moja la lugha yao, sijui kusoma kibao, na nimeshakunywa maji. Nikahesabu saa zilizobaki hadi nirudi hotelini.

Nilishuka kituo cha bustani ya Yuexiu. Ni bustani kubwa yenye vilima na maziwa, kuingia ni bure, na juu ya kilima kuna mnara wa ghorofa tano, Zhenhai, uliojengwa mwaka 1380. Kulikuwa na wazee wengi wakipiga kwa miguu kidude chenye manyoya kisianguke, wengine wakijinyoosha polepole kama wanaoogelea hewani. Wanawake wa rika langu na kunizidi walikuwa wamejipanga mistari wakicheza ngoma ya redio, na hakuna aliyewashangaa. Njiani palikuwa na mti mrefu usio na majani, umejaa maua mekundu makubwa kama vikombe. Ni ndugu wa msufi wetu, na ua lake ndilo ua la mji. Bibi mmoja alikuwa anaokota yaliyoanguka na kuyatia kwenye mfuko. Huyakausha wakayapika supu. Nikamsaidia kuokota. Akashika ncha ya kitenge changu, akakisugua kati ya vidole viwili kama ninavyofanya mimi dukani, akaniuliza kitu. Nikafungua programu ya kutafsiri kwenye simu. Alikuwa anauliza kitambaa hiki nimekinunua nchi gani. Nikamwonyesha maandishi ya pindoni. Kilichapwa China.

Hapo ndipo lile funda lilipoanza kudai haki yake, na mengine mawili niliyoongeza kwa kiu ya kupanda kilima. Nikamwandikia bibi kwenye simu. Hakujibu. Alinishika mkono kama mtoto, tukatembea hatua labda sitini, akanielekeza jengo dogo jeupe chini ya miti. Nikatoa sarafu nimpe mwanamke mwenye ufagio aliyekuwa mlangoni. Akatikisa kichwa. Nikadhani ni kidogo, nikaongeza. Akaifunga ile ngumi yangu kwa mikono yake miwili, akaisukuma kifuani pangu, akaninyooshea kidole ndani.

Ndani palikuwa na milango kumi na miwili, nilihesabu. Vyoo vya kuchuchumaa, safi, sakafu imekauka, ndoano ya kutundikia mkoba. Kila mlango una kitasa kinachofunga. Sabuni ilikuwepo. Karatasi ilikuwa ukutani nje, kwenye mashine inayotaka simu zao, na maji ya kujitwaharishia hakuna. Hapo chupa yangu ikapata kazi yake ya pili. Nilipotoka nilinawa uso, nikakaa kwenye benchi mkabala na lile jengo, na nikanywa maji yote yaliyobaki. Sikumbuki mara ya mwisho niliyokunywa maji nje ya nyumba yangu kwa sababu tu nina kiu.

Kutoka hapo nilipanda kuona sanamu ya mbuzi watano. Wanasema zamani mji ulikuwa na njaa, wakaja watu watano wa mbinguni wamepanda mbuzi, kila mbuzi na suke la mpunga mdomoni. Wakaacha masuke, wakaomba mji huu usione njaa tena, na mbuzi wakageuka mawe. Ndiyo maana wenyeji wanauita Mji wa Mbuzi. Sanamu ni ya jiwe, kubwa kuliko nyumba yangu, na watoto wa shule walikuwa wamejipanga kupigwa picha chini yake. Nilikaa muda mrefu pale. Mji ule una maghorofa yasiyohesabika, lakini alama wanayojivunia ni mnyama anayeleta chakula.

Ijumaa haisubiri. Nilitoka bustanini kwa miguu kwenda msikiti wa Xianxian, hauko mbali na hapo. Upo kwenye eneo la makaburi ambako mapokeo ya Waislamu wa China yanasema amelala Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, ingawa vitabu vya historia vinasema alizikwa Madina. Kwangu mimi ilitosha kuona njia ya kuingilia imejaa mianzi na watu. Wachina Waislamu wenye kofia nyeupe, Waarabu, Wapakistani, Wasomali, watu wa Afrika Magharibi na makanzu yao mapana. Nje kulikuwa na soko zima la Ijumaa, mishikaki ya kondoo, mikate ya ufuta, zabibu kavu. Wanawake tulikuwa na sehemu yetu na mahali petu pa kutawadhia, na maji ya kutosha. Hotuba ilikuwa ya Kichina na sikuambulia kitu, ila iliposomwa Fatiha nililia kidogo.

Nilipokuwa navaa viatu nikasikia nyuma yangu, "Mama, shikamoo. Huo mkeka wako umeusahau." Nikageuka kama niliyeitwa na mwanangu. Alikuwa dada wa Tanga, anaishi Guangzhou tangu 2010 akisafirishia watu mizigo. Aliponisikia namjibu, akacheka: "Mganda wa Kiswahili hiki umetoka wapi?" Nikamwambia Bombo. Hajui Bombo iko wapi, lakini mkono wangu hakuuachia tena hadi jioni.

Akanipeleka kula tambi za kuvutwa kwa mkono kwenye mgahawa wa Waislamu wenye maandishi ya Kiarabu mlangoni. Kijana anakamata donge la unga, analivuta, analikunja, analivuta tena, na kabla hujamaliza kusema bismillahi limekuwa nyuzi mia. Kama fundi wa kusokota. Bakuli moja yuan 18. Nilitoa noti na mwenye mgahawa akahangaika kutafuta chenji, maana kila mtu pale analipa kwa kuelekeza simu kwenye kibao cha mraba. Sisi wa Uganda pesa za simu tumezizoea, kwa hiyo hilo halikunishinda kuelewa. Dada wa Tanga alinisaidia kuiunganisha simu yangu na kadi ya benki pale pale mezani.

Nikamsimulia habari ya choo. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akaniambia, "Mama, unafikiri ilikuwa hivi siku zote? Hivi vyoo watu wamevidai."

Akanieleza kwamba Februari 2012, katika mji ule ule, wasichana kadhaa walichoka kusimama kwenye foleni ndefu huku choo cha wanaume pembeni kiko kitupu. Wakaingia cha wanaume wakakishika kwa dakika chache chache, wakiwaomba wanaume kwa adabu wasubiri nje, wenzao wapite. Walikuwa wamebeba mabango. Hoja yao ilikuwa nyepesi: mwanamke ana nguo za kufungua, ana hedhi, ana mtoto mgongoni, muda wake si sawa na wa mwanamume, basi vyumba visiwe sawa. Magazeti yakaandika. Wakuu wa mji wakajibu kwamba kwenye vyoo vya umma watakwenda kwenye kipimo cha chumba kimoja na nusu cha wanawake kwa kila kimoja cha wanaume. Mwaka 2015 serikali ya China ikaanza kampeni waliyoiita mapinduzi ya vyoo, na ndani ya miaka mitatu vikajengwa na kukarabatiwa zaidi ya vyoo 60,000 kwenye maeneo ya watalii peke yake. Mwaka 2016 kanuni za ujenzi za nchi nzima zikaandika vyumba vitatu vya wanawake kwa viwili vya wanaume, na penye msongamano viwili kwa kimoja. Yeye mwenyewe alipofika 2010, alisema, alikuwa hanywi maji sokoni.

Nikamwomba arudie zile hesabu, nikaziandika nyuma ya risiti ya tambi. Ninayo hadi leo kwenye droo ya fedha.

Alasiri tulikwenda Zhongda, soko la vitambaa, wilaya ya Haizhu ng'ambo ya mto. Hapo nilikuwa nyumbani na ugenini kwa wakati mmoja. Majora yamesimama kama miti ya msitu, mitaa na mitaa, vibaruwa wanapita na mikokoteni ya umeme iliyorundikwa hadi huoni dereva. Duka moja linauza vifungo peke yake, jingine zipu peke yake, jingine lesi nyeupe tu, aina mia tatu za weupe. Vitambaa vya kufuma vingine vinauzwa kwa kilo, si kwa mita, na ukisahau kuuliza uzito wa kila mita utaingia hasara. Sampuli zimeshonwa kwenye kadi na namba, unapewa mkasi ukate kipande chako. Sikununua kitu. Nilikata vipande, nikaandika bei. Kwa kuwa ilikuwa Siku ya Wanawake, ambayo kwetu ni sikukuu ya taifa na kwao wanawake hupewa nusu siku ya mapumziko, msichana wa duka moja alikuwa na waridi kwenye chupa ya maji juu ya kaunta. Chupa iko nusu. Nilimtazama alivyochukua nyingine ya chai pembeni yake, akanywa, akaendelea kukata kitambaa.

Niseme ukweli wote: choo cha lile soko hakikuwa kama cha bustanini. Kilikuwa na harufu, sakafu imelowa, na foleni ilitoka mlangoni. Lakini kilikuwa wazi. Hakuna aliyekaa na ufunguo. Wauzaji, vibaruwa, wageni, sote tulisimama mstari mmoja.

Giza lilipoingia tukapanda treni hadi mnara wa Canton. Una mita 600, kiuno chembamba kama cha nyigu, na usiku unabadilika rangi toka mguuni hadi kichwani. Hatukupanda juu, tiketi ni ghali. Tulikaa ukingoni mwa Zhujiang, Mto wa Lulu, mashua zenye taa zikipita, familia zimetoka na watoto na wazee kwenye viti vya magurudumu. Nikahesabu kwa vidole. Toka asubuhi nimeingia chooni mara sita. Nimelipa yuan sifuri. Miguu ilikuwa imechoka, lakini kichwa hakikuniuma. Kwa miaka nilidhani kichwa kinachoniuma kila jioni ni cha moshi wa magari ya Kampala.

Mhariri, nilirudi na mzigo wangu, Idi ikawa nzuri, namshukuru Mungu. Nilipata faida. Lakini kila mtu anaponiuliza nimeona nini China namwambia habari ya lile jengo jeupe chini ya miti, na wengi huniona nimepungukiwa. Wanataka habari za treni na maghorofa. Maghorofa tunayo sisi pia! Kampala yanaota kila mwezi. Ninachouliza ni nani anayeyapitisha. Mchoro unapopelekwa ofisini vyoo vimo, nimeuona kwa macho yangu mchoro wa jengo letu. Jengo likishajaa wapangaji, choo kinahesabiwa kama mita za mraba zinazolala bure, kinapewa mlango wa chuma na kupangishwa. Mkaguzi akija anaonyeshwa kile kimoja kilichobaki, kimemwagiwa dawa asubuhi ile ile.

Na wanaopanga majengo haya ni sisi. Wengi wetu ni wanawake. Kodi tunalipa miezi mitatu mbele, kwa dola wengine. Kwa nini ninunue ufunguo wa haja ndogo juu ya kodi hiyo? Kijana mwenye kufuli simlaumu, naye amekodishiwa kile choo na anarudisha pesa ya mtu. Namlaumu aliyekikodisha. Najilaumu na mimi, kwa miaka 22 nilimfundisha kila msichana niliyemwajiri kwamba mjini hatunywi maji, nikidhani namfundisha kazi. Binti huyu wa sasa ni wa nne. Wa pili aliwahi kulazwa figo na sikuunganisha mambo.

Ninachoomba si mapinduzi ya vyoo 60,000. Wamiliki wa majengo ya maduka warudishe vyoo vilivyomo kwenye michoro yao, na mpangaji na mfanyakazi wake wasilipe kuingia. Mji uweke vyoo vya umma karibu na maegesho ya teksi na masoko, vilivyo wazi hadi duka la mwisho lifungwe, na vya wanawake viwe vingi kuliko vya wanaume kwa hesabu ile iliyo nyuma ya risiti yangu. Waheshimiwa wabunge wanawake, tuliowapigia kura wilaya kwa wilaya, walisemee hili bila kuona haya, kama wale wasichana wa 2012 wasivyoona haya. Na wewe Mhariri, mtume mwandishi mwanamke aje akae nasi siku moja, saa moja asubuhi hadi saa moja usiku, aje na chupa yake ya maji.

Mimi na wapangaji wenzangu kumi na mmoja tumeanza kuandika majina. Tumekubaliana kodi ya robo ijayo tutaipeleka pamoja, mkononi, na barua. Wawili wameshatishwa kwamba maduka yao yana wateja wengine wanaoyasubiri, bado hawajafuta majina yao.

Naandika haya nikiwa dukani, saa kumi alasiri. Msichana wangu amerudi kazini jana. Nimemwekea chupa ya maji ya lita moja na nusu pembeni ya mkasi, na noti za kijana wa kufuli nimezitanguliza mimi. Chupa bado imejaa.

Muuza vitambaa,
Bombo, Uganda
(Jina limehifadhiwa)